Dakika Yangu Moja

Rosebella alipopata kazi Doha, majirani wa mtaa wetu wa Kapsoya, hapa Eldoret, walimwimbia, wakamwombea, wakapiga naye picha pamoja na sanduku lake jipya. Nilitabasamu katika picha zote. Moyoni nilikuwa nimekasirika kama mtoto aliyenyang'anywa chapati, kwa sababu nilijua anaondoka na mdomo wangu.

Tulikuwa na kibanda cha kufuma sweta, mimi na yeye, kwa miaka tisa. Mimi nilikaa nyuma na mashine mbili, yeye akakaa mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kufuma na yake ilikuwa kuongea. Aliongea na walimu wakuu, na wamama wa vyama vya akiba, na mtu yeyote aliyepita akiwa amejikunyata kwa baridi. "Mama, hiyo sweta yako inalia, hebu iletee mwenzake," angesema, na mtu angeingia akicheka, atoke ameagiza mbili. Mimi, mtu nisiyemjua akinisalimu, naitikia nikiangalia viatu vyake. Kule Kimilili nilikozaliwa, msichana aliyesifiwa ni yule ambaye wageni hawakujua kama yupo nyumbani. Basi nikasifiwa sana. Sasa nina miaka arobaini na sita, na wageni bado hawajui kama nipo.

Rosebella alipokwenda, wateja walienda mmoja mmoja. Shule moja ilianza kununua sweta zilizo tayari madukani. Nyingine ilibadilisha mwalimu mkuu, na huyu mpya hakunijua. Shule yenyewe iko umbali wa kurusha jiwe kutoka kibandani. Siku moja nilijikaza kisabuni, nikachukua sweta ya mfano, nikaenda hadi langoni. Askari akaniuliza, "Unataka nani, mama?" Nikamwambia nimepotea njia, nikarudi. Nimeishi Kapsoya miaka kumi na minne.

Ikafika Julai, mwezi ambao baridi ya Eldoret inaingia ndani ya mifupa na kila mtu anatafuta kitu cha kuvaa, na mashine zangu zilikuwa zimefunikwa shuka. Nikapata mtu kutoka mji wa Turbo aliyezitaka zote mbili. Angekuja Jumamosi na pikapu. Baada ya hapo ningerudi Kimilili kwa ndugu yangu, nikae jikoni kwa mke wake. Hakuna aliyesema sitapokelewa, lakini mke wa ndugu yangu namjua, na ile jikoni naijua.

Jumatatu ya wiki hiyo, Mzee Odera akabisha hodi.

Mzee Odera anaishi mlango unaotazamana na wangu. Alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu miaka miwili iliyopita. Mkewe yuko Ugenya, anaangalia shamba. Kila asubuhi Mzee huvaa koti, hutoa kiti nje, akasoma gazeti la jana ambalo mwenye duka humwachia bure. Kwa muda mrefu nilimwona kama mtu wa kujifanya. Nani anavaa koti akaketi mlangoni pake mwenyewe?

"Nyar Kimilili," akasema. Wajaluo humwita mwanamke kwa jina la kwao, na mzee huyu hajawahi kuniita Nakhumicha. "Nasikia unauza mashine."

"Kazi imeisha, Mzee."

"Kazi haijaisha. Watu wako na baridi. Ni wewe hawakujui." Akatoa kadi kwenye mfuko wa ndani wa koti, taratibu, kadi nyeupe iliyokunjwa katikati. "Alhamisi kuna chai ya asubuhi ya wafanyabiashara, pale hoteli town. Kila mtu anapewa dakika moja asimame aseme yeye ni nani. Enda."

"Lakini kadi ni yako."

"Mimi niko na mambo Alhamisi."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia afadhali nipalilie ekari tano kwa mkono. Akavuta kiti changu bila kukaribishwa, akaketi, akaanza kunifundisha pale pale.

"Ni vitu vinne tu. Salimia. Sema jina. Sema kazi. Uliza mtu swali. Kisha nyamaza umsikize. Kwa mfano, mimi ningesimama hivi." Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Hamjambo. Naitwa Odera. Napanga stoo za watu wenye maduka, kila kitu kipate mahali pake, ukihitaji kitu usitafute. Je, kuna mtu hapa ambaye jana alitafuta kitu kwa stoo yake akakikosa?"

Aliyasema hayo bila kumeza mate, kama mtu anayesoma. Nikadhani ni mfano tu.

Kisha akanipa kazi ya kufanya. Jumanne na Jumatano nitoke nje, nisalimu watu watatu nisiowajua, nirudi na majina yao. "Usiuze kitu," akasema. "Ukienda kuuza utaogopa. Wewe rudi na jina peke yake."

Jumanne nilisalimu mama anayeuza njugu karibu na stendi. Nilikuwa nimempita mara elfu. Nikaanza kutoa kijasho, na baridi yote ile. "Mama, habari. Unaitwa nani?" Akashtuka, akaniuliza kama ninatoka kaunti, nimekuja kudai ushuru. Nilipomhakikishia kwamba sitoki kaunti, akaniambia anaitwa Nanzala, kwao ni Malava, na mguu wake wa kushoto unauma tangu Pasaka. Nilirudi na jina na mguu. Mzee Odera alifurahi hadi akaniagizia chai kwa pesa yake. Jumatano nilirudi na mengine matatu, jumla manne, moja zaidi ya niliyoagizwa, nikajiona mtu mkubwa.

Alhamisi asubuhi nilivaa sweta yangu bora, ya kijani kibichi yenye shingo ndefu, nikapanda boda hadi mjini.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na meza, na dada mmoja mwenye orodha. Akasoma kadi. "Hii ni ya Mzee Odera," akasema, akanitazama kwa muda. Nikamweleza kwamba yeye ana mambo mengine leo, amenituma mimi. "Sawa mama, karibu. Mimi ni Perez." Akaandika jina langu kwenye karatasi ya kubandika, akanibandikia kifuani yeye mwenyewe.

Ndani watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi wakicheka, kila mmoja anampa mwenzake kadi. Watu wa namna hii huniudhi tangu zamani. Wanacheka kabla mtu hajasema kitu. Nikaenda nikasimama karibu na birika kubwa la chai, nikaliegemea kidogo kwa sababu lilikuwa na joto. Nilitulia hapo kama maji ya mtungi. Nikafikiria lango la shule na yule askari, nikafikiria pikapu ya Jumamosi. Kisha nikajiambia, rudi na jina peke yake.

Nikaanza na weita. Aliponipimia chai aliona kikombe kinacheza kwenye kisahani, akanijazia nusu tu. "Nitakuongezea ukikaa," akaninong'oneza. Aliitwa Wesonga. Mzee mmoja mnene alikuwa anajifuta jasho kando ya dirisha, nikamsalimu. Yeye aliitwa Wakoli, anauza tairi, na aliniambia kwamba amekuja hapa mara sita na bado magoti yanamgongana. Kwenye meza ya mwisho, mwanamke mrefu aliyevaa tracksuit alitoa mkoba wake kwenye kiti akaniambia, "Keti hapa, mama, usisimame kama umeitwa na mwalimu." Huyo aliitwa Jerotich, wa Kaptagat. Nikameza majina yote nikayashika.

Mwendesha kikao, bwana mmoja mchangamfu kwa jina Lazarus, alikuwa na kengele ndogo ya mkononi. Watu wakaanza kusimama. Huyu anauza matangi ya maji. Yule anakodisha mahema. Walisema haraka haraka, wengine kwa Kiingereza kilichonyooka, wakakaa kabla kengele haijalia. Nami nikarudia kimoyomoyo: salimia, jina, kazi, swali. Salimia, jina, kazi, swali.

"Mama wa kijani," Lazarus akasema. "Karibu."

Nikasimama. Akanipa maikrofoni, na vile vitu vinne vikaniruka vyote, nisione hata kimoja.

Maishani mwangu nimewahi kushika maikrofoni mahali pamoja tu, nako ni kanisani, siku ya ushuhuda. Mdomo ulipokosa pa kwenda ukaenda huko.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!" nusu ya ukumbi ikajibu. Mzoea kanisa hawezi kujizuia.

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!" Sasa hata Lazarus alijibu.

Basi njia ikawa imefunguka, na ushuhuda una utaratibu wake, unajiendesha wenyewe. "Kwa jina naitwa Nakhumicha. Nimeokoka. Namshukuru Mungu aliyenifikisha hapa salama, kwa maana mwenye boda alikuwa na haraka sana. Namshukuru Mzee Odera, jirani yangu wa Kapsoya, aliyenipa kadi yake na akanifundisha kusalimu watu katika umri huu. Namshukuru Perez aliyenibandika jina. Namshukuru Wesonga, huyo hapo na birika, aliyenipa nusu kikombe nisijimwagie. Namshukuru Jerotich aliyenipa kiti. Namshukuru na Bwana Wakoli wa tairi, aliyeniambia hata yeye magoti yanamgongana, ndiyo nikapata nguvu ya kusimama." Watu wakaangua kicheko, na Wakoli akafunika uso. "Nawaletea salamu nyingi kutoka kanisa letu la Kapsoya. Wanasema msichoke kupokea wageni. Ni hayo tu machache, na Mungu awa..."

Kengele ikalia. Wakapiga makofi. Nikaketi, na nilipoketi tu ndipo nikagundua kwamba sikusema kazi yangu. Dakika nzima ilikuwa imekwisha na hakuna mtu katika ukumbi ule aliyejua kwamba ninafuma sweta.

Sijawahi kujionea aibu hivyo. Akilini nilimwona yule mtu wa Turbo akipakia mashine. Nilimwona mke wa ndugu yangu akinionyesha mahali sufuria zinapokaa. Kikao kilipofungwa nilishika mkoba, nikaelekea mlangoni nikiangalia sakafu.

Mtu akanishika mkono wa sweta. Nikaona viatu vyeupe vya kukimbilia, vyenye udongo mwekundu kwenye soli. Nikakumbuka kuinua macho. Alikuwa Jerotich.

"Mama, umeshukuru kila mtu mpaka weita," akasema, "lakini hujatuambia wewe unafanya nini."

"Hata mimi nangoja," akasema Wakoli nyuma yangu. "Umetoa siri yangu mbele ya watu wote hawa. Sasa toa yako."

Wesonga alikuwa anapita na sinia la vikombe, akasimama. Yule wa mahema akasogea, na mwingine nisiyemjua. Walikuwa watu saba au wanane, na wote walikuwa wananitazama wakitaka kujua. Miaka yote nilidhani kuongea na watu ni kuwasukumia kitu wasichokitaka. Hapa wao ndio walikuwa wananivuta.

"Nafuma sweta," nikasema. "Hii nimefuma mimi."

Jerotich akaigeuza shingo ya sweta kwa vidole, akaivuta, akaangalia mshono kwa ndani. Wala hakuniomba ruhusa. Akaniambia yeye ni meneja wa kambi ya wakimbiaji thelathini huko Kaptagat, na kila asubuhi wanatoka kukimbia msituni kabla jua halijachomoza. Hapo nikakumbuka kitu cha nne cha Mzee Odera.

"Baridi ya huko inawauma wapi zaidi?" nikauliza.

Akafikiri. "Masikio. Na vidole. Sweta wanavua wakipata joto, wanafunga kiunoni. Lakini masikio, wacha tu."

"Basi ni kofia za marvini, zile za kufuma zinazobana kichwa, za kushuka hadi chini ya masikio," nikasema, "na glavu zenye uzi mwepesi kwenye kiganja zisiwatoe jasho. Za rangi moja, mtu asipotee msituni." Nilikuwa naongea. Nilijisikia nikiongea, na sauti ilikuwa yangu, si ya Rosebella.

Akasema atakuja Kapsoya kesho aone kazi. Akaandika nambari yangu.

Nilikuwa natoka nikipepea wakati Perez aliponiita pale mezani. Alikuwa anakusanya karatasi zake. "Mama, mwambie Mzee Odera pole. Nilimwekea nafasi ya kusema, ya tatu kabisa. Amenipigia simu mara tatu kuuliza kama jina lake liko kwa orodha."

"Jina lake? La nini?"

"Si ni ile kazi yake ya kupanga stoo? Ameitafutia wateja tangu astaafu. Aliuliza kama mnaweza kuja wawili, nikamwambia kadi ni moja kwa mtu mmoja. Akasema basi, kadi itakuja na mtu mwingine."

Nikashika ukingo wa meza. Nikamwona tena Mzee akitoa ile kadi mfukoni taratibu, nikasikia ule mfano wake uliotoka bila kumeza mate. Siku ngapi alikuwa anaurudia peke yake kwenye kile kiti? Na mimi niliyemwita mtu wa kujifanya, nilikunywa chai yake, nikala na nafasi yake.

Nilipofika nyumbani alikuwa mlangoni. Alivaa koti, na siku hiyo alivaa tai pia, na viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Mambo yake ya Alhamisi yalikuwa ni gazeti.

"Umerudi na majina mangapi?"

"Kama kumi hivi, Mzee."

"Kazi yako ulisema vizuri?"

"Nilisahau kabisa. Nilisimama nikatoa ushuhuda."

Alicheka hadi miwani ikamdondokea magotini. Nami nilitaka kumwambia kwamba najua, lakini mtu mzima kama yule humwaibishi mlangoni pake. Nikasema tu, "Asante, Mzee. Asante sana." Akapunga mkono, akasema asante ya nini, kadi ingekaa tu mfukoni. Nikaingia ndani nikalia kwa muda, kisha nikatoa shuka kwenye mashine.

Ijumaa Jerotich alikuja, akaagiza. Jumamosi mtu wa Turbo alikuja na pikapu yake, akarudi nayo tupu. Alikasirika, ana haki yake. Nilimpa chai na sweta ya mtoto wake, akaondoka akinung'unika kidogo tu.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba Mzee Odera aje aangalie nyuzi zangu, ambazo Rosebella alikuwa amezirundika miaka tisa. Alivua koti. Ilimchukua siku nzima, na alipomaliza ningeweza kuchukua uzi wa bluu nikiwa nimefumba macho. Nilimpigia simu Perez mimi mwenyewe, nikamwambia mwezi ujao nataka viti viwili. Akaanza kunieleza habari za kadi. Nikamweleza habari za ile kadi iliyotoka mfukoni Jumatatu, na za tai aliyoivaa Mzee mlangoni Alhamisi. Akasema ataandika majina yote mawili.

Ndivyo tulivyokuja kukaa pamoja, Agosti, kwenye meza ile ile ya mwisho, na Wesonga akanijazia kikombe hadi juu. Lazarus alipofika kwetu alimwita Mzee kwanza.

Akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Hamjambo," akasema. "Naitwa Odera."

Akanyamaza. Ukumbi ukangoja. Niliona mkono wake ukitafuta kifungo kingine cha kufunga na hakikuwepo. Yule aliyenifundisha vitu vinne alikuwa amefika kwenye cha tatu akakikosa.

"Mimi ni mstaafu," akasema kwa sauti ndogo, akaketi.

"Mama wa kijani," akasema Lazarus.

Nikasimama. "Bwana asifiwe," nikasema, na safari hii ukumbi mzima ulikuwa unangoja kujibu. "Huyu aliyeketi ni Mzee Odera. Amesema mstaafu, lakini hajamaliza, kwa hiyo nammalizia. Alitunza stoo ya kiwanda miaka thelathini na mmoja. Juzi alipanga kibanda changu, na tangu siku hiyo sijatafuta kitu nikakikosa. Mwezi uliopita nafasi ya kusema ilikuwa yake. Alinipa mimi, akakaa nyumbani na tai shingoni. Ni kwa sababu yake mashine zangu zinafanya kazi, na wakimbiaji thelathini wana masikio yenye joto. Namshukuru mbele yenu. Sasa nauliza swali alilotaka kuuliza yeye. Kuna mtu hapa ambaye jana alitafuta kitu kwa stoo yake akakikosa?"

Dakika ilikuwa imepita zamani. Lazarus alikuwa ameishika kengele kwa mikono yote miwili isilie.

Mkono wa Wakoli ulikuwa wa kwanza kupanda. Kisha wa yule wa matangi ya maji, kisha wa mama mmoja wa duka la dawa. Nikaketi. Mzee Odera alikuwa ametoa leso, anafuta miwani isiyokuwa na vumbi. Kisha akaniinamia sikioni.

"Nyar Kimilili. Umesahau tena kusema kazi yako."

"Sikusahau, Mzee."